Majike wa Chama cha Kilua

Chama cha Kilua kilikuwa kimeshindwa miaka miwili mfululizo, na Idi ya mwaka wa tatu ilikuwa imebakiza siku arubaini.

Vyama vya ngoma ya lelemama vya wanawake wa Mji wa Kale, Mombasa, vilishindana kila siku ya tatu ya Idi, uwanjani Makadara, mbele ya kila mwenye miguu ya kufika. Kila chama kilikuja na ngoma yake, sare yake na kioja chake, na kioja ndicho kilichoamua. Mwaka juzi chama cha Asumini kilileta minara miwili ya maua iliyotembea. Mwaka jana kikaleta gari la moshi la mbao, bomba lake likifuka ubani, na watu wakalifuata hadi Kuze wakiimba. Kilua wakabaki wakicheza mbele ya mbuzi wawili na mzee mmoja kiziwi.

Chama kilichoshindwa mara tatu kilitoa ngoma yake kuu. Wenyewe waliibeba kwa mikono yao hadi nyumbani kwa walioshinda, ikatundikwa ukutani kichwa chini, na kuanzia siku hiyo hawakuipiga ila kwa ruhusa. Ngoma kuu ya Kilua ilikuwa vumi, nalo lilikuwa la marehemu mama yake Badria. Badria ndiye aliyekuwa mkuu wa chama. Alikuwa mjane, mama wa watoto watano, mwanamke wa Kibokoni mwenye sauti ya kufika nyumba ya nne bila kupandishwa, na tangu Rajabu alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya vumi hilo.

"Nimeshapigilia msumari ukutani, shoga," alimwambia Shariffa, mkuu wa Asumini, walipokutana kwa muuza samli. Shariffa alikuwa mrefu wa shingo, mzuri wa sura, na alijua yote mawili. "Nimetafuta ule mrefu, maana vumi lenu lina tumbo."

"Tundika kanzu ya mumeo," Badria akamjibu. "Utajua kama amerudi au hajarudi."

Muuza samli alicheka hadi akamwaga. Lakini Badria alirudi nyumbani akiwa hana kioja kichwani, na jibu kali halikuwahi kumleta mtu Makadara.

Jioni hiyo akaja Sidi. Sidi alikuwa Mgiriama, mwanachama wa Kilua tangu ujana wake, na rafiki ambaye Badria alimwamini hata na funguo. Alikaa mkekani akitabasamu peke yake.

"Mume wangu amerudi na gari la moshi," alisema. "Miezi minane alikuwa akifuata simba."

"Akifuata simba?" Badria alikuwa akichambua mchele. "Kwani wamepotea?"

"Mzungu wake hawapigi bunduki. Ana sanduku la kupigia picha. Huko walikokuwa, kusini ya reli, serikali imekataza mtu kuwinda. Basi kazi yao ni kuwafuata tu, kuwaangalia, kuwapiga picha. Sasa vioo vya kupigia picha vimekwisha, mzungu anangoja vingine vije kwa meli, na mume wangu hana la kufanya ila kunisimulia simba. Asubuhi simba, mchana simba. Najua ukoo wao kuliko ninavyojua wa mawifi zangu."

Badria aliacha kuchambua mchele. "Mlete."

Kesho yake Ngumbao akaja. Mwanamume asiye wa nyumba hakuingia kwenye kiwanda, ua wa ndani wa wanawake, kwa hiyo aliwekewa kiti ukumbini, pazia zito likashushwa, na wanawake ishirini na wawili wa Kilua wakakaa upande wa pili. Zubeida, wifi yake Badria na makamu wake, alikaa karibu kabisa na pazia, kwa sababu alipenda kusikia mwenyewe na hakupenda kusimuliwa baadaye.

"Haya, shemeji," alisema Badria. "Tupe habari za hao jamaa zako."

Ngumbao alikohoa. Alikuwa mtu wa maneno machache hadi yaguswe yale anayoyapenda. "Kundi letu lina majike saba," alianza. "Mkubwa wao ni bibi kizee mmoja, meno yameanza kuisha. Nimempa jina Hawe, yaani nyanya, kwa kwetu. Yeye akisimama, wote wanasimama. Akigeuka, wanageuka. Nilipofika kundi lilikuwa chini ya dume mmoja mwenye manyoya meusi ya shingo, mkubwa kama ng'ombe. Siku moja wakatokea vijana wawili, ndugu, nikawaita Chonga na Kavumbi. Siku tatu walinguruma mpakani. Yule mzee akijibu, lakini kila siku sauti yake ilitoka mbali zaidi. Siku ya nne wakamwendea. Hapakuwa na vita kubwa. Walisimama wakampa ubavu, aone urefu wao. Akawatazama. Akaona ni wawili. Akaondoka."

"Akaondoka hivihivi?" aliuliza Zubeida. "Hata neno?"

"Angesema nini, mama? Ni simba."

Kiwanda kizima kikacheka.

"Na wake zake?"

"Hapo ndipo mambo. Dume mgeni huwa hapendi watoto wa aliyetangulia. Chonga akaja na macho yake kwa watoto. Hawe akamrukia. Yule bibi kizee! Akampasua sikio, wenzake wakaja nyuma yake, Chonga akarudi nyuma anatafuta pa kupita. Mwezi mzima Hawe aliwazungusha wale watoto, leo bonde hili, kesho mawe yale, nasi nyuma tukifuata nyayo, mzungu amebeba sanduku lake jua linamla. Watoto wote wanne wako hai hadi leo. Na Chonga amekuwa na adabu."

Vigelegele vikapigwa. Mtu angepita nje angedhani kuna arusi. Wakataka tena. Siku ya pili wakauliza kama sikio la Chonga limepona, siku ya tatu wakabishana kama Kavumbi ni mpole kweli au mvivu tu. Ngumbao akawaambia kwamba dume hulala chini ya mti kutwa nzima, akiamka ni kunguruma, kuzunguka mpaka wake na kula nyama aliyoiua mwingine.

"Huyo namjua," alisema Menza, mpigaji wa vumi, mwanamke wa mikono minene. "Nimempikia miaka kumi na mitatu."

Siku ya nne Badria akasema, "Kioja chetu ni simba."

Hakuna aliyepinga. Zubeida akataka dume mkubwa, wa mbao, manyoya ya kamba za nazi, macho ya vioo, akokotwe mbele ya chama kizima. Walikuwa wakipanga aina ya mbao wakati Ngumbao aliposema kutoka ukumbini, "Lakini dume hatangulii. Wanatangulia majike. Dume yuko nyuma."

"Shemeji, nyamaza kidogo," alisema Zubeida. "Nani atatoka nyumbani kutazama simba asiye na ndevu? Watasema tumeleta ng'ombe."

Lakini maneno hayakukaa ndani. Nyumba za Kibokoni zilipakana ukuta kwa ukuta, na dari za chokaa hazikuficha siri za mtu. Kabla juma halijaisha, Asumini walikuwa wameagiza mafundi huko Kilindini wawatengenezee simba dume wa mvule, urefu wa mtu na nusu, macho ya vioo, manyoya ya kamba za nazi. Na angekuja juu ya toroli.

Hilo la toroli ndilo lililowaua. Mji ulikuwa na reli zake nyembamba, na juu yake vigari vidogo vyenye viti na kivuli, vikisukumwa na watu. Wakubwa wa serikali na matajiri walikwenda kazini na kurudi kwa toroli. Simba wa Asumini angekwenda juu ya reli kama bwana, akiteleza, bila kubebwa na mtu.

"Tumekwisha," alisema Zubeida, na machozi yakamtoka kweli. "Wametuibia simba wetu, na wamemfanya bora. Ndugu yangu, tukalikabidhi vumi tu, tusijitie aibu."

"Vumi la mama yangu halitoki hapa," alisema Badria, "ila nitoke nalo." Akageukia pazia. "Shemeji, uliniambia majike wanatangulia. Wanatangulia vipi? Nieleze kama unavyomweleza mtu atakayefanya."

Ngumbao akasogeza kiti. "Wakiwinda hawaendi pamoja. Wawili watatu wanashika mkono wa kushoto, wengine wa kulia, wazito wanabaki katikati. Wanazunguka mbali. Kila mmoja anajua mahali pake, hawaitani. Wanalala chini. Unaweza kumkaribia jike hatua kumi usimwone, unaona majani tu, na sikio. Halafu wa kushoto anajionyesha makusudi. Mawindo yanageuka kukimbia. Yanakimbilia kwa wenzake."

Badria alifikiri vichochoro vya Mji wa Kale, jinsi vinavyopinda, jinsi baraza zilivyo na vivuli. Akafikiri wanawake ishirini na wawili waliovijua vichochoro hivyo tangu wakiwa na meno ya utotoni.

"Sisi ndio simba," alisema. "Hatujengi kitu."

Kazi ikaanza. Walinunua marekani, ile nguo ngumu isiyopaushwa, wakaichemsha na magome ya mkandaa hadi ikashika rangi ya nyika wakati wa kiangazi. Kila mmoja akakata shuka la kumfunika kichwa hadi miguu kama shiraa. Ramadhani ikaingia, na katika Ramadhani ngoma haipigwi. Asumini wakakaa kimya, hawana la kujifunza. Lakini Kilua hawakuhitaji ngoma. Walichohitaji kujifunza ni kutembea bila kusikika, na kila alasiri walijifunza kiwandani, pekupeku juu ya changarawe, huku Ngumbao akikaa upande wake wa pazia, hawaoni, anasikiliza.

"Wa tatu kutoka mwisho anaburuza mguu wa kulia."

"Ni mimi," alisema mwanamke mmoja kwa mshangao. "Nilianguka utotoni."

"Basi weka kidole kwanza, halafu kisigino. Na aliye karibu na mlango amechoka, apumzike. Bi Zubeida anatembea na bangili."

"Nimezifunga kitambaa!"

"Moja imefunguka."

Zubeida akajipapasa, akaikuta. "Huyu si mtu," alimnong'oneza Badria. "Sidi anaishi naye vipi? Hawezi kuingia jikoni kuonja mchuzi kwa siri."

"Siwezi," alikubali Sidi. "Nimezoea."

Menza naye alifundishwa kupiga vumi kama simba anavyonguruma: aanze na mguno wa chini, apande, afungue kifua, halafu amalizie kwa migumio mifupi inayofifia. Alijifunza kwa kulipiga paja lake, kwa sababu ya Ramadhani, na hadi mwezi ulipoandama paja lilikuwa na alama.

Siku ya tatu ya Idi ikafika. Baada ya sala ya alasiri Makadara ilijaa. Wauza kashata na wauza sharubati walikuwa wamejipanga, wanaume wamevaa kanzu mpya, na kwenye mkeka wa heshima walikaa mabibi watatu waliokuwa waamuzi tangu Badria akiwa mwari. Mkubwa wao, Bi Mwanakombo, alikuwa na miaka themanini na macho kama ya kunguru. Hakuhesabu vigelegele. Alitazama watu wanamfuata nani.

Kilua walijificha katika vichochoro vinavyotokea uwanjani, wamekaa juu ya baraza chini ya mashuka yao, kama mafurushi ya mtu anayehama. Badria alikuwa katikati na Menza na vumi. Walingoja. Mpango ulikuwa Asumini waingie na simba wao, watu wamkusanyikie, ndipo Kilua wawazunguke.

Asumini hawakuingia.

Badala yake watu wakaanza kuondoka uwanjani. Kwanza wachache, halafu makundi, halafu wauza kashata na sinia zao vichwani. Badria akatoa jicho nje ya shuka. Uwanja ulikuwa ukimwagika kama maji, wote wakielekea upande wa reli.

Sidi, aliyekuwa amejificha upande wa reli, akaja mbio. Alicheka hata hakuweza kusema.

"Sema, mwanamke!"

"Simba wa Shariffa amekwama!"

Alieleza kwa vipande. Simba alikuwa akija vizuri juu ya reli, Shariffa amekaa mbele yake kwenye kiti, chini ya kidevu cha simba, na mwavuli wa hariri. Mara kutoka mbele likaja toroli jingine, la bwana mmoja wa forodha, Mzungu mnene mwenye kofia nyeupe. Reli ilikuwa moja. Na kila mtu wa Mombasa alijua desturi ya toroli mbili zikikutana: mdogo wa cheo anashuka, toroli lake linanyanyuliwa na kuwekwa kando, mkubwa anapita. Wasukumaji wa yule bwana wakasema simba anyanyuliwe. Watu kumi na wawili wakamshika simba. Hakutikisika. Mafundi wa Kilindini walikuwa wamejenga simba wa mvule mtupu, na hakuna aliyekumbuka kwamba huenda akahitaji kushuka.

"Na Shariffa?"

"Shariffa anasema hashuki mtu. Anasema aliyepanda toroli hili ni simba, na bwana forodha aulize vizuri nani mkubwa. Bwana anapiga filimbi. Wasukumaji wanatukanana. Mji mzima uko pale. Hata Bi Mwanakombo ameagiza mkeka wake uhamishwe!"

Zubeida alijifunua kichwa. "Basi tumeshinda! Tuingie uwanjani tucheze, sisi tumefika na wao hawakufika. Vumi linabaki."

Badria aliutazama uwanja. Palikuwa na mbuzi mmoja.

"Tucheze mbele ya nani, wifi? Huyo? Mwaka jana walikuwa wawili." Alisimama. "Shemeji alisema nini? Simba hakai akingoja mawindo yamjie. Kushoto, piteni kwa mshona kofia. Kulia, nyuma ya msikiti. Menza, nifuate. Bangili, wifi."

"Nimezivua!"

Wakatoweka. Wanawake ishirini na wawili waliingia katika mji wao kama maji ya bamvua, kila mmoja kwenye ufa wake. Badria alipofika kwenye kona ya mwisho alichungulia. Barabara ilikuwa imejaa migongo. Juu ya vichwa vya watu aliona uso wa simba wa mvule, mkubwa, mzuri hasa, na chini yake mwavuli wa Shariffa ukitetemeka kwa hasira. Mbele yake, hatua tano, lilisimama toroli la bwana wa forodha, na wasukumaji wake wanne wamelishikilia, maana hapo njia iliinama kidogo kurudi mjini. Kila upande umempa mwenzake ubavu. Hakuna aliyetaka kuondoka.

Badria alimgusa Menza begani.

Vumi likaguna. Chini kabisa, hata mtu asingejua linatoka wapi, na watu wa nyuma wakanyamaza. Likapanda. Likafungua kifua, mngurumo ukagonga kuta za mawe ukarudi, halafu ile migumio mifupi, moja, moja, ikififia. Watu wote wakageuka. Hawakuona kitu. Kulikuwa na baraza, na mafurushi ya rangi ya nyasi juu ya baraza.

Furushi la kushoto likainuka.

Mwanamke mmoja akapiga yowe, halafu akacheka kwa yowe lake mwenyewe. Watu wakasogea kulia, na upande wa kulia mafurushi saba yakainuka kwa pamoja. Hayakusema neno. Yalikuja yakiwa yameinama, bega likitangulia na kichwa kikiwa chini, hatua hazisikiki, na umati ukajigawa bila kuambiwa, watu wakipanda baraza, wakishikana, wakicheka kwa ile sauti ya juu ya mtu aliyeogopa na anajua hana haja ya kuogopa. Muuza halua alilala juu ya sinia lake kulilinda. Majike wakapita katikati, kutoka kushoto, kutoka kulia, kutoka nyuma ya toroli, na wakamzunguka bwana wa forodha. Wakalala chini wote, viganja mbele, videvu juu ya viganja, wakimtazama.

Wasukumaji wake wanne walikuwa watu wa bara. Walijua simba ni nini. Walijua pia kwamba hawa ni wanawake wa Kibokoni, lakini miguu yao haikungoja kupewa habari hiyo. Wote wanne waliachia na kuruka juu ya baraza.

Toroli, lilipoona halishikwi, likaanza kurudi.

Lilikwenda polepole, kwa adabu, likifuata reli zake kurudi mjini, na majike waliolala nyuma yake wakajiviringisha kando bila kuvunja kimya. Bwana wa forodha alishika kofia yake. Alitazama simba wa mvule akizidi kuwa mdogo, akatazama majike, na filimbi ikamdondoka mdomoni. Kisha watu wakaona tumbo lake linatikisika. Alikuwa akicheka. Alivua kofia, akawapungia majike kama mtu anayeagana na wenyeji wake, na wasukumaji wake wakalikimbilia toroli likiwa limeingia kwenye tawi la reli, kando ya njia kuu, ambako lilisimama lenyewe.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika Kilindini.

Njia ilikuwa wazi. Shariffa alibaki juu ya kiti chake, mdomo umefunguka. Badria aliinuka, akamwendea simba. Ngumbao alikuwa amewasimulia jinsi majike wanavyomsalimu dume waliyemkubali, wanavyomsugua kwa kichwa, shavu kwa shavu. Badria akaenda akamsugua simba wa mvule kwenye taya, kwa heshima zote. Sidi akafuata, halafu Zubeida, halafu wote, mmoja baada ya mwingine.

"Mnafanya nini nyinyi?" alisema Shariffa kwa sauti ya chini. "Badria! Mwacheni simba wangu!"

"Kaa vizuri, shoga, utaanguka," alisema Badria, na akageuka.

Majike wakatangulia. Walipanga mistari miwili kando ya reli, wakatembea kwa ile hatua yao, na wasukumaji wa Asumini, ambao hawakujua la kufanya zaidi ya kusukuma, wakamsukuma simba nyuma yao. Watu wakafuata. Vumi likanguruma, ngoma za Asumini zikashindwa kujizuia zikalijibu, na msafara ukafika Makadara, majike mbele, dume nyuma, mji mzima nyuma ya dume.

Mkeka wa mabibi ulirudishwa mahali pake. Shariffa alishuka, akafika mbele ya Bi Mwanakombo akihema.

"Bibi, haki yangu. Simba ni wangu. Watu wamemfuata simba. Kilua hawana simba, hawana mbao, hawana hata mkia. Wameniibia."

Bi Mwanakombo akatikisa kichwa. "Hawakumwiba, mwanangu," alisema. "Niliona kwa macho yangu. Wamemposa."

Waliokuwa karibu wakaipokea, wakaipeleka nyuma, na kicheko kikazunguka uwanja mzima hadi kikarudi.

"Wamposa bila mahari?" alisema Shariffa. Alijitahidi kukunja uso, lakini pembe za mdomo zilianza kumsaliti.

"Mahari tumetoa," alisema Badria. "Ulikuwa umekwama. Tumekutolea njia."

"Nilikuwa nataka kumshinda yule bwana kwa maneno."

"Ungemshinda. Keshokutwa."

Bi Mwanakombo aliinua kidole, na hata wauza sharubati wakanyamaza. "Mimi naangalia watu wanamfuata nani," alisema. "Simba alikaa pale, na watu wakamkodolea macho wala hakuna aliyepiga hatua. Walipoinuka majike, watu wakaenda. Mwaka huu ni wa Kilua. Vumi lirudi Kibokoni."

Badria alikuwa amejiandaa kupiga kelele. Siku arubaini alikuwa ameziweka kelele hizo kifuani. Lakini hakuweza. Alikaa chini palepale kwenye mchanga, na shuka lake la mkandaa, akalikumbatia vumi la mama yake kwa mikono yote miwili, na Zubeida akaja akamkumbatia yeye na vumi pamoja, akilia kwa sauti ya kumwamsha hata kiziwi. Menza alisimama juu yao akingoja.

"Mkimaliza kulia," alisema, "nipeni ngoma yangu. Nimepiga paja mwezi mzima."

Wakampa. Kando ya uwanja, Ngumbao alikuwa amezungukwa na wanaume waliotaka kujua kama ni kweli Hawe alimpasua Chonga sikio, na lilikuwa sikio gani, na Kavumbi alikuwa wapi wakati huo. Aliwajibu mmoja mmoja. Alikuwa na siku tano tu kabla ya meli ya vioo, na tayari walikuwa wamemwalika chakula katika nyumba sita.

Mstari wa lelemama wa Kilua ukasimama, bega kwa bega, na mikono ikaanza kwenda kwa pamoja, polepole, kama inavyotakiwa. Shariffa alibaki ameegemea toroli lake. Badria alimwona akihesabu mapigo kwa kidole cha mguu.

"Njoo ucheze, wee," alimwita. "Miguu yako haikugongomelewa mbao."

"Sichezi nyuma yako, Badria."

"Nani kasema nyuma? Njoo kando."

Shariffa alikunja mwavuli wake, akamkabidhi simba, akaja. Wenzake wa Asumini wakamfuata, wakajipenyeza kwenye mstari, mmoja wa sare ya kijani, mmoja wa rangi ya nyasi, wakisukumana kwa viwiko na kukosoana hatua. Wakacheza vyama viwili mstari mmoja, hadi mwadhini wa magharibi alipowaambia imetosha.